MREJESHO: Kukata faili moja la FLAC kuwa nyimbo mojamoja

Wakuu, nilikuja hapa nikiuliza namna ya kukata CD ya taarab iliyonakiliwa kama faili moja refu la FLAC (sauti iliyobanwa bila kupoteza ubora), pembeni kukiwa na faili la CUE (maandishi yanayoonyesha kila wimbo unaanzia wapi), bila kupunguza ubora. Asanteni sana mliojibu.

Nimefuata ushauri wa kutumia shntool, programu ya kukata na kuunganisha faili za sauti kwa kuandika amri:

shnsplit -f taarab.cue -t "%n-%t" -o flac taarab.flac

Imekata safi, nyimbo hazina mwanya katikati. Kuhakikisha, niliziunganisha tena kwa shnjoin, nikalinganisha na faili la awali kwa shncmp: sauti ni ileile, sampuli kwa sampuli. Aliyenitahadharisha kuhusu kukata kwa programu ya ffmpeg na "-c copy" (kunakili sauti bila kuisimba upya) alikuwa sahihi. Kwangu kila kipande kilijitangaza kina urefu wa albamu nzima. Kero tupu.

Kanda niliyorekodi kwa biti 24 na 96 kHz ndiyo imegoma. Shnsplit haipokei muda wa CUE kwa faili lisilo la kiwango cha CD (biti 16, 44.1 kHz). Hiyo nimeikata kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa lebo za kuonyesha mwanzo wa kila wimbo, dither (kelele ndogo inayoongezwa wakati wa kupunguza biti) nikiizima kabla ya kutoa FLAC za biti 24.

Majina ya wasanii hayakuhamia kwenye vipande. Nayajaza kwa mkono kwenye Kid3, programu ya kuhariri taarifa za nyimbo, taratibu.