Naomba ushauri: kasha la zamani la kompyuta kwa mashine mpya

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, Pemba. Nina kasha la zamani la kompyuta ya mezani, bati lake zito, si haya ya siku hizi yanayopinda ukiyabana kidogo. Nataka kuundia humo mashine ya kazi za ofisi na kuhariri picha, ili laki tano niliyonayo yote iende kwenye vitu vya ndani, hata kama vingine vimetumika.

Madabodi (bodi kuu ya kompyuta) iliyokuwamo ni ya ATX, kile kipimo kikubwa cha kawaida, kwa hiyo micro-ATX, ndogo yake, ya milimita 244 kwa 244 itakaa kwenye matundu yale yale. Pawa saplai ya zamani siirudishi. Hapo sibani hela, umeme wetu mnaujua.

Kinachonitatiza ni hewa. Nyuma pana nafasi ya feni moja tu ya milimita 80, na mbele bati limezibwa, limeachiwa vitundu vidogo mno. Nikate tundu la feni ya 120? Nahofia ukingo uliokatwa utashika kutu upesi kwa hewa hii ya chumvi. Tayari chini, penye miguu, ukikwaruza kwa kucha kutu inabanduka vipande. Rangi ya kupuliza inatosha, au nitangulize ya kuzuia kutu?

Na USB za mbele ni za 2.0, zile za zamani za kasi ndogo. Kuna aliyewahi kuzibadilisha akafanikiwa?

Anayemjua fundi wa bati mwenye mkono mzuri, Wete au Chake Chake, tafadhali anielekeze.