Mgodi wa urani Namtumbo: nani ahesabiwe kuwa mwenyeji?

Wapo wanaosema kwamba sisi wakazi wa Dar es Salaam hatuna la kuzungumza kuhusu mgodi wa urani wa Mto Mkuju, kwa sababu uko Namtumbo, mkoani Ruvuma, na kwamba ajira, barabara na ushuru wa huduma ni vya wenyeji wa huko, ambao wakieleza hofu zao huambiwa wamelishwa maneno na wanaharakati wa mjini. Napingana na hoja hiyo, na ugomvi wangu ni na hilo neno "wenyeji".

Maji ya eneo la mgodi huelekea mto Luwegu. Luwegu hukutana na Kilombero, na kuanzia hapo mto huitwa Rufiji. Huingia katika Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mitambo yake ya megawati 2,115 ndiyo inayotuwashia taa na mafeni, kisha hupita Mloka, Utete na Ikwiriri hadi kumwagika baharini kwenye delta. Anayebisha kwamba mto huo unatuhusu aende soko la samaki la Feri asubuhi kamba wanapopimwa, amuulize muuzaji wametoka wapi. Au aende Mbagala, ambako si kazi kumpata mtu mwenye mama au mjomba anayelima mlau, yaani kilimo cha kupanda katika tope laini linaloachwa na mafuriko yanapopungua. Mkulima wa namna hiyo hutegemea kila kinacholetwa na mto, lakini mikutano ya kusikiliza wananchi kwa desturi huitishwa katika vijiji vinavyouzunguka mgodi. Mipaka ya mkutano hufuata mipaka ya wilaya, ilhali maji hayaijui wilaya.

Hoja nzito zaidi niliyoisikia ni kwamba mto ni mrefu mno, hivyo chochote kitakachovuja kitachujika au kuzama kabla ya kufika pwani. Ina ukweli ndani yake, na sipendi wanaotutisha kwamba kesho tutakula samaki wenye mionzi. Lakini tuangalie kazi yenyewe. Katika tani moja ya mawe ya Mkuju, urani haifiki nusu kilo. Kinachobaki baada ya uchenjuaji ni visusu, na visusu vya urani hubaki na takribani asilimia 85 ya mionzi iliyokuwamo ndani ya mwamba, kwa kuwa thoriamu na radiamu, ambazo nazo zina mionzi, hazichukuliwi, bali husagwa na kuachwa. Vitu hivyo huhitaji kutunzwa kwa maelfu ya miaka, wakati mgodi hudumu miongo michache na kampuni huweza kuuzwa au kufungwa wakati wowote.

Kwa hiyo jambo la kujadili ni ukuta wa bwawa la majitope, yaani bwawa la kuhifadhia visusu hivyo. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, tope likafunika makazi na mashamba. Februari 2025 bwawa la mgodi wa shaba huko Chambishi, Zambia, lilipasuka, tindikali ikaingia mto Kafue, na jiji la Kitwe likakatiwa maji. Halafu tukumbuke Aprili 2024, mto Rufiji ulipofurika ukafunika nyumba na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti. Mvua za namna hiyo ndizo zinazopaswa kuwa kipimo cha ukuta huo.

Sisemi mgodi uzuiwe. Pengine muda wa kusema hivyo umeshapita. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali kumega takribani kilomita za mraba 200 za Pori la Akiba la Selous kwa ajili yake, leseni ikatolewa 2013, na Julai 2025 mtambo wa majaribio ukazinduliwa. Lililobaki mikononi mwetu ni masharti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Haisemi kila anayeishi jirani na mgodi.

Sharti ninalolidai ni dogo na si la gharama kubwa: kabla uzalishaji kamili haujaanza, maji na tope vipimwe Luwegu, kwenye maingilio ya Bwawa la Julius Nyerere, Utete na katika delta, na majibu yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za kata zote za mtoni, kisha upimaji urudiwe kila mwaka kwa fedha ya dhamana iliyowekwa benki na mwenye mgodi tangu mwanzo. Bila vipimo vya leo, mkulima wa Utete akilalamika miaka 20 ijayo ataambiwa kwamba mionzi hiyo ni ya asili, ilikuwako tangu enzi za babu zake, naye hatakuwa na karatasi ya kumjibu. Anayeunga mkono mgodi anieleze vipimo hivyo vinampunguzia nini.