Wenye vinundu kwenye tezi ya shingo na Hashimoto, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nina uvimbe shingoni unaopanda na kushuka nikimeza mate. Ultrasaundi imeonyesha vinundu viwili. Damu inasema TSH (homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi) iko juu na antibodi za TPO (askari wa kinga wanaoilenga tezi) zimepanda sana. Daktari kasema ni Hashimoto, kinga ya mwili inaishambulia tezi. Nyumbani wanasema ni goita tu, niongeze chumvi. Mliopitia haya, vinundu vyenu viliishiaje?

MamaKulwa: Pole mdogo wangu. Mimi nilianza na uchovu, nywele kukatika na kusikia baridi Dar mwezi wa kwanza, watu wakasema uzazi huo. Kinundu kilikuwa kikubwa kidogo, nikachomwa sindano nyembamba, wakatoa chembe za kupima. Hakikuwa saratani, na vingi huwa hivyo. Nilielezwa kwamba Hashimoto haiharibu tezi yote kwa usawa, kwa hiyo sehemu nyingine hujikusanya ikaonekana kinundu kwenye picha kumbe ni uvimbe wa ugonjwa wenyewe. Bado narudi kupiga picha.

Mnyalu_Halisi: Huku nyanda za juu wazee wetu walivimba shingo kwa kukosa madini joto, ndiyo maana kila shingo inaandikiwa chumvi. Kwa Hashimoto, madini joto ya kupita kiasi yanaweza kuichochea. Chumvi ya dukani ya kupikia inatosha, vidonge vya mwani achana navyo.

Halafu dawa. Mama mkwe wangu alipandishwa dozi ya levothairoksini (homoni ya tezi ya vidonge) bila mafanikio, hadi nesi alipomuuliza anamezea nini. Chai ya maziwa! Ni maji matupu asubuhi, tumbo tupu, chai baada ya nusu saa hadi saa nzima. Vidonge vya kuongeza damu na kalsiamu, acha saa nne zipite.

Kipepeo77: Changu kilisoma saratani, aina ya papilari. Nilikatwa nusu ya tezi na niko kazini. Sauti ikikwaruza au uvimbe ukiwa mgumu na kukua haraka, usingoje tarehe ya kliniki.

Mwanzisha mada: Asanteni. Sindano ni Alhamisi, naacha dawa?

MamaKulwa: Levothairoksini endelea nayo. Kama unameza aspirini au dawa za kuyeyusha damu, waambie mapema. Na vile vidonge vya nywele vyenye bayotini (aina ya vitamini B), visimamishe siku mbili kabla ya kupima damu tena, vinavuruga majibu.