Mke mwenye pesa yake achangie nyumbani? Tujadili

MWENYE NYUMBA, LANGONI:
Assalaam alaykum watu wa Amu, Lamu yetu, na nyinyi mliohamia Malindi mkatusahau. Jana kwenye hina ya bibi harusi, bibi mmoja mkubwa alimuusia mwari: "Mumeo akikwama, mfungulie kibweta chako." Wote wakaitikia inshallah. Mimi nikauliza, na ufunguo ataurudisha? Nikaambiwa ndiyo maana sina mume. Basi nawaletea swali: mke mwenye kipato chake, mume ana haki ya kumtaka achangie matumizi ya nyumba?

Msimamo wangu nautoa mapema msihangaike kunipekua: hana haki. Mke akipenda atoe, lakini kila shilingi iwe na jina.

Nakaa kwenye ghorofa aliyonijengea babangu juu ya nyumba ya mamangu. Desturi yetu mnaijua: binti hupewa nyumba, mume huja na sanduku lake. Kiwanja kikikosekana watu huenda juu, au hupiga wikio, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro. Kwa hiyo mume wa Kiamu, kwa asili, ni mgeni. Na mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Wangu alikaa miaka sita, jembe sikuliona.

Hakuwa mbaya. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikuwa na neno moja tu: "tusaidiane." Gesi ikiisha, tusaidiane. Karo, tusaidiane. Nami nakaanga mahamri tangu kabla ya alfajiri, pesa inaingia kwa sarafu inatoka kwa noti. Siku alipolipwa yeye kazi yake ya ufundi, lile neno likampotea, akanunua punda wa mashindano. Yule punda alikula vizuri kuliko mimi. Tulipoachana ikabainika punda ni wake, deni la dukani ni letu.

AMI WA BARAZANI:
Mwanangu, nimekusoma na nimecheka, ila ndoa si duka. Mwana Kupona alimwachia binti yake utendi mwaka 1858, akamhimiza atafute radhi ya mumewe. Hakumwambia aweke daftari. Nyinyi wa sasa mnajitegemea mpaka mwanamume akiingia ndani hajui asimame wapi.

MWENYE NYUMBA, LANGONI:
Ami, nakuheshimu. Radhi alizozitaja ni tano: Mungu, Mtume, baba, mama, ndipo mume. Nyinyi wa barazani mnaanza kuhesabu kutoka ya tano, na hapo hapo mnakoma. Tena alipotunga alikuwa mjane, hakuna mume aliyekuwa akimchungulia karatasi. Ama kuhusu pa kusimama: asimame dukani anunue unga, hapo hakuna atakayemsukuma.

MUUZA KAHAWA, USITA WA MUI:
Mimi ndiye ninayewauzia kahawa hao wa barazani. Hesabu kweli inawapa tabu. Kuna wanaodaiwa tangu Maulidi.

MWALIMU WA CHUO:
Tusifanye dini mzaha. Suala hili lina majibu. Matumizi ya mke, chakula, mavazi na makazi, ni juu ya mume, hata mke awe tajiri. Mali ya mke ni yake. Mahari yenyewe, Suratun Nisaa aya ya 4 inasema wapewe, na wakitoa chochote katika hayo kwa radhi ya nafsi zao, ndipo mume ale. Kwa radhi, si kwa kununiwa siku tatu. Lakini dada yetu naye asifunge mlango. Zainab, mke wa Abdullah bin Masoud, aliuliza kama anaweza kumpa mumewe sadaka, akajibiwa kwamba ana malipo mawili, ya udugu na ya sadaka. Kwa hiyo kutoa ni jambo jema sana.

MWENYE NYUMBA, LANGONI:
Mwalimu, Mungu akuweke, hilo ndilo jina nililokuwa nikilitafuta. Sadaka! Sasa nendeni nyumbani kaka zangu, mwambieni mke: "Bibie, naomba sadaka ya gesi." Mbona hamtaki? Kwa sababu apewaye sadaka hujulikana ni nani, naye hakai kichwani mwa sinia akichagua kipande cha nyama. "Tusaidiane" ni neno tamu kwa kuwa linaficha nani anasaidiwa.

DADA WA MALINDI:
Sisi wengine hatuna kadhi, tumefunga ndoa kanisani, na huku hotelini wanawake wengi ndio wanaotegemewa nyumbani, hasa miezi ambayo waume wa ufuoni hawana wageni. Nawaambia kilicho kwenye sheria. Ile ya Kenya ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inagawa mali kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikakata maneno: kuoana peke yake hakukupi nusu, lazima mchango uthibitishwe. Wengi walikuwa wakijidanganya kwamba Katiba ikisema haki sawa kwenye ndoa, basi nyumba hukatwa katikati kama muhogo. Haikatwi. Ukinunua saruji, weka risiti. Ukituma kwa simu, usifute ujumbe.

Kazi za nyumbani na kulea watoto ni mchango pia. Hata kukaa na mwenzako, ule uandani wa mume na mke, sheria imeutaja.

MUUZA KAHAWA, USITA WA MUI:
Uandani ni mchango? Basi kuna watu hapa wamechangia mno, maana hawatoki nyumbani kabisa.

MWALIMU WA CHUO:
Dada wa Malindi, ongeza kwamba sheria hiyo hiyo inamruhusu Mwislamu afuate sheria ya dini yake katika mali ya ndoa, na Katiba imemweka kadhi kwa ndoa, talaka na mirathi. Ila risiti, naam, hata kwa kadhi hazijamdhuru mtu. Na yeyote anayeogopa, aandike masharti wakati wa kufunga ndoa, si wakati wa kuivunja.

MVUVI WA SHELA:
Nyote mnasema kama mtu amejaa pesa akakataa kutoa. Mimi nina chombo kidogo. Upepo wa kaskazi ukivuma nalisha nyumba, hata jirani anakula. Kusi ikivuma, bahari ikachafuka, chombo kinakaa mchangani, na mimi nakaa pamoja nacho. Wakati huo nyumba inakula kofia za mke wangu. Anashona moja miezi miwili, macho yanamtoka machozi kwa sindano, kisha tajiri anakuja kupunguza bei. Dada, mimi jina langu ni lipi? Maskini wa sadaka?

MWENYE NYUMBA, LANGONI:
Hapo umenishika, kaka. Nilikuwa naandika kwa hasira ya punda.

Nafikiri kuna mume asiyenacho na mume anayeficha. Wewe wa kwanza, hata upepo unakushuhudia. Mke wako anajua kaskazi ikirudi utarudi nayo. Wangu mimi alikuwa kusi mwaka mzima. Lakini bado nakuuliza: hizo kofia za miezi miwili, unakumbuka ni ngapi? Kaskazi ikija, unamwambia "hii ya kofia yako," au unanunua nyavu mpya kimya kimya?

AMI WA BARAZANI:
Sasa mnamfanyia mvuvi wa watu kesi.

MVUVI WA SHELA:
Niacheni nijibu. Sikukumbuka ni ngapi, nikaenda kumuuliza mwenyewe. Hakusema neno. Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule la mtoto, nusu ya mbele hesabu za darasa la 4, nusu ya nyuma hesabu zangu. Miaka mitatu, kofia kwa kofia, na tarehe. Nikamuuliza, hili ni deni au sadaka? Akasema inategemea kesho nitaleta nini kutoka baharini. Nikasema, wataka nini? Akasema, "Nataka changu."

Mpaka sasa sijui alimaanisha samaki.