CPD inatoa maelfu ya nakala, na zenyewe zinazotusumbua haizioni

Swali
Wakuu, tuna hifadhi ya msimbo wa Java yenye mistari kama milioni 3. CPD (zana ya kusaka msimbo ulionakiliwa, inayokuja na PMD) kwa tokeni 50, yaani vipande vidogo kama neno, jina au alama, inatema maelfu ya "nakala", nyingi takataka tupu. Lakini funksheni iliyonakiliwa kisha ikaongezwa mstari mmoja katikati haionekani. Nirekebishe nini?

Jibu la 1
50 ni chache mno kwa Java, getta na setta chache (funksheni fupi za kusoma na kuweka thamani) zikifuatana zinafika hapo. Weka `--minimum-tokens 100`, na kwanza toa kwa `--exclude` msimbo wote uliozalishwa na zana. Huo lazima ufanane, na hakuna anayeuhariri kwa mkono.

`--ignore-identifiers` inanasa nakala zilizobadilishwa majina ya vigeu, ila ukiiwasha panda hadi 150 hivi, la sivyo takataka zitarudi. Kumbukumbu ikiisha: `PMD_JAVA_OPTS=-Xmx8g`.

Hiyo ya mstari wa katikati haina dawa ndani ya CPD. Inatafuta mfuatano usiokatika, kwa hiyo kipande cha tokeni 160 kikipasuliwa katikati kinabaki viwili vya 80, vyote chini ya kiwango.

Jibu la 2
Hapo tumia SourcererCC, zana nyingine ya kusaka nakala. Haijali mpangilio, inahesabu tokeni zinazoshirikiwa, kwa mfano 70%.

Msiogope ukubwa. Funksheni 100,000 zinazaa jozi karibu bilioni 5, ila hailinganishi zote. Tokeni hupangwa kuanzia adimu. Funksheni mbili za tokeni 50 zikitakiwa kushiriki 35, lazima zikutane angalau mara moja ndani ya 16 za mwanzo (50 − 35 + 1), basi faharasa inabeba hizo 16 tu. Zingeanza za kawaida kama `return`, kila funksheni ingekutana na kila nyingine.

Muulizaji
Shukrani. Na kwenye CI (mfumo unaojenga na kupima msimbo wenyewe kila ukibadilishwa)? CPD ikikuta nakala inarudisha namba 4, ishara ya kufeli, bildi zote zitafeli kuanzia leo.

Jibu la 1
Ongeza `--no-fail-on-violation`, hifadhi ripoti ya XML ya tawi kuu, kisha zuia nakala mpya pekee. Linganisha kwa heshi ya kipande (alama fupi inayokokotolewa kutoka maandishi yake), si namba za mistari. Mtu akiongeza `import` moja juu, namba zote zinahama.

Za zamani msizifute kwa pupa. Pekueni historia ya Git mtafute jozi ambazo upande mmoja umerekebishwa na mwingine ukaachwa. Anzeni na hizo.