Deni la 2013 lilipwe kwa pesa ya lini?

Mleta mada, Dar es Salaam
Wakuu, nina kesi ya ukoo, sisi imetushinda. Mwaka 2013 shangazi alimkopesha kaka yangu milioni 2 amalizie ada ya chuo. Hapakuwa na maandishi wala tarehe ya kurudisha. Juzi kaka kaja na milioni 2 taslimu, kaziweka mezani. Shangazi kazitazama tu, hakuzigusa. Anasema hela ile ilikuwa ya kiwanja cha Chanika, na kiwanja chenyewe leo kinaulizwa milioni 12. Kaka naye kashikilia: nilichochukua ndicho ninachorudisha.

Mimi naona wote wamekosea. Mwaka ule nauli ya daladala ya njia fupi hapa mjini ilipanda ikawa 400. Desemba 2023 ikawa 600. Milioni 2 ilikupandisha daladala mara 5,000. Safari hizohizo kwa nauli ya 600 zinataka milioni 3. Nikajaribu dola: ilikuwa kwenye 1,600, mwisho wa 2023 ikawa kwenye 2,500. Halafu mfumuko wa bei wa takwimu za serikali, wastani wa asilimia 4 na ushee kwa mwaka. Unaonekana mdogo, lakini kila mwaka unapanda juu ya bei iliyokwishapanda, na kwa miaka 10 unafika palepale, nyongeza ya nusu nzima. Kwa hiyo kaka anadaiwa milioni 3. Kiwanja tukiache. Kile kimepandishwa na barabara na watu waliohamia, shilingi haihusiki kwa sehemu kubwa.

Mwenye duka, Tanga
Hiyo milioni ya juu mimi naiita riba, na suala lenyewe si geni. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, aliona deni la fulusi (sarafu za shaba) zilizoshuka lilipwe kwa thamani. Wengi wa wanazuoni walibaki kwenye mfano kwa mfano, yaani kiasi kilekile ulichochukua, na mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, la wanazuoni wa sheria za Kiislamu, lilipokaa Kuwait likakata hivyohivyo: deni la fedha halifungwi na kupanda kwa bei. Ila kaka akiongeza kwa hiari yake, bila sharti, huo ni uungwana. Mtume (S.A.W.) alikopa ngamia mdogo akarudisha aliye bora. Tatizo lako, mleta mada, unataka kumpangia kaka hiari yake.

Mwanafunzi wa sheria, Dodoma
Maalim, mfano kwa mfano una mahali unapovunjika. Ujerumani, Novemba 1923, dola 1 ilifika marki, hela yao, trilioni 4.2. Waliokopa kwa rehani ya nyumba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wanafuta deni kwa hela isiyonunua hata mkate. Mwezi huohuo mahakama yao kuu ikakataa kwamba marki ni marki tu, na sheria ya 1925 ikawarudishia wenye rehani asilimia 25 ya thamani ya awali. Robo, wala si yote. Kwetu mahakama ikitoa hukumu ya deni huongeza riba ya asilimia 7 kwa mwaka, lakini inahesabiwa tangu siku ya hukumu. Miaka ambayo shangazi alikaa kimya kwa heshima ya undugu haimo humo.

Dereva, Mwanza
Swali moja tu. Shilingi ingepanda, kaka angelipa milioni moja na nusu? Na shangazi angepokea?

Mleta mada
Angenuna mwaka mzima. Lakini kwa hesabu yangu, ndiyo, ingebidi apokee pungufu, na ningemwambia hivyo (kwa simu).

Mkulima, Kyela
Mnajisumbua na marki na dola. Sisi tunakopeshana mpunga, gunia kwa gunia. Bei ikipanda, ikishuka, gunia ni lilelile, na hata maalim hapo hawezi kuita riba.

Mwenye duka, Tanga
Siiti riba, ni kweli. Ila ndugu yangu, gunia lililochukuliwa Februari ghala zikiwa tupu, likarudishwa Juni mpunga umejaa kila ua, limerudi na nusu ya thamani yake. Aliyekukopesha kaliwa zaidi ya shangazi wa Dar, tena kwa miezi minne tu.

Mkulima, Kyela
Ndiyo maana Februari huku hakuna anayekopesha.