Msaada: kamera ya filamu ya 4x5 inatia wingu kwenye kila picha, na nina kazi ya mteja hapa Kigoma

Studio_Mwanga:
Wakuu, habari za jioni. Nina studio ndogo Mwanga, Kigoma. Kazi za kila siku ni paspoti na harusi, zote kwa dijitali. Mwaka jana mzee mmoja aliyekuwa anafunga studio aliniuzia kamera ya inchi 4 kwa 5, lenzi ya milimita 150 na holda tatu, yaani vibebeo vya filamu, kila kimoja kinabeba shiti (kipande kimoja cha filamu) kila upande. Tangu hapo naipenda kuliko kitu chochote nilichonacho dukani.

Kuna mteja aliona picha niliyopiga mitumbwi ya Ujiji. Anataka mbili za stesheni ya Kigoma, lile jengo la Wajerumani, za kukuzwa hadi mita moja na nusu. Amesema wazi anataka filamu. Shida ni kwamba shiti zote nane nilizopiga zina wingu upande mmoja. Kwenye negativu ni jeusi, kwenye picha linatoka jeupe. Ile ya mitumbwi nililikata, ndiyo maana hakuliona. Boksi lilikuwa na shiti 25, zimebaki 17.

Filamu naisafisha mwenyewe kwa dawa kwenye beseni, maji ya tangi. Je, ni dawa au ni kamera? Na kazi niichukue au nimwambie tupige dijitali?

Giza_la_Tabora:
Mkuu, usiguse dawa kwanza. Wingu likikaa mahali palepale kwenye kila shiti, holda yoyote, mtuhumiwa ni ule mfuko wa kodiani kati ya lenzi na kioo. Ukiona mstari unaoingia kutoka ukingoni, na kwa holda moja tu, basi ni holda. Ziandike namba leo: 1A, 1B, 2A, hadi 3B. Bila namba utakuwa unabahatisha.

Usiku zima taa zote. Toa kioo cha nyuma, ingiza tochi ya simu ndani ya mfuko, funika nyuma kwa kitambaa kizito. Kaa gizani dakika tano macho yazoee, halafu uvute mfuko hadi mwisho na uupindishe taratibu. Angalia kona za mikunjo, ndipo ngozi inapochoka. Tundu la sindano linatosha kuharibu shiti, hasa ukichomoa kibao cha holda (kile kinachofunika filamu isipate mwanga) ukakaa juani unasubiri watu wapite.

Kuziba, usimpelekee fundi viatu akubandikie ngozi, mfuko hautakunjika tena. Rangi nyeusi ya vitambaa, tabaka mbili nyembamba, iache ikauke mfuko ukiwa umenyooshwa.

Bint_Lenzi:
Naongeza la maji. Maji ya tangi huku kwetu yana joto kupita nyuzi 20 zinazoandikwa kwenye chupa ya dawa. Dawa inakimbia, muda unakuwa mfupi, na ukishuka chini ya dakika tano filamu inasafishika kwa mabaka. Weka beseni la dawa ndani ya beseni kubwa lenye maji na barafu. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe. Ukinunua kipimajoto kimoja umeokoa shiti nyingi.

Mpiga_Kazi:
Kaka, mimi ningepiga dijitali, nikaunganisha picha sita nikamaliza. Mteja anaangalia ukuta, haangalii kamera.

Giza_la_Tabora:
Mpiga_Kazi, kwa harusi nakubaliana nawe kabisa. Hapa mteja ameomba filamu kwa mdomo wake, kumpa kitu kingine bila kumwambia si sawa. Shiti ya 4x5 ina eneo kama mara 13 la filamu ya milimita 35, ukuta wa mita moja na nusu haiuogopi. Halafu kuna jengo lenyewe. Ukiinua kamera juu upate paa, kuta zinaegemeana. Kwa 4x5 unaacha kamera wima, unaihakiki kwa pimamaji, unapandisha lenzi peke yake, na nguzo zinabaki zimenyooka.

Lakini beba na dijitali. Pimia mwanga kwa hiyo, ISO (wepesi wa kupokea mwanga) ileile ya filamu, tundu la lenzi f/22, na kila pembe upige nayo pia. Filamu ikigoma, una kitu mkononi, na mteja aambiwe mapema. Usisimamishe tripodi kabla hujaongea na mkuu wa stesheni.

Studio_Mwanga:
Wakuu, nimerudi. Matundu yalikuwa matatu, yote kwenye kona za juu. Nilipoyaona yanang'aa gizani moyo ulitulia, maana nilishaanza kuilaumu mikono yangu. Nimepaka rangi mara mbili. Jana nikapiga majaribio ya shiti tatu, moja kila holda, nimefunika lenzi, kibao nje dakika tatu juani. Dada Bint_Lenzi, dawa ilikuwa nyuzi 20 kamili, asante sana. Holda ya 1 na ya 3 safi. Ya 2 ina mstari kutoka ukingoni.

Kazi nimeichukua. Mteja nimemweleza kila kitu, amekubali nipate siku mbili badala ya moja. Shiti zimebaki 14.

Giza_la_Tabora:
Hiyo ya 2 kitambaa cha mdomoni kimelika, pale kibao kinapopita. Iweke pembeni, kwa holda mbili una shiti nne kila safari, zinatosha. Mwisho wa mwezi nakuja Kigoma na treni. Nitabeba mahameli nyeusi na gundi, tuitengeneze pamoja.